Nani Anaziua Sili za Pampu Zetu?

Hapa Bujumbura, katika kambi moja ambayo hatutaitaja jina, upande wa tambarare iteremkayo kuelekea ziwani, kuna pampu ya umeme ambayo kazi yake ni kuyachota maji katika tangi lililochimbwa ardhini na kuyapandisha hadi tangi la juu. Hayo ndiyo maji ya jikoni, ya mabafu na ya zahanati ya kambi. Katika muda wa miezi mitano pampu hiyo ilimaliza sili tatu. Ya kwanza ilipovuja, ilinunuliwa nyingine. Ya pili ilipovuja, akalaumiwa mwenye duka ya kwamba ameuza kitu bandia. Ya tatu ilipovuja, akalaumiwa fundi; na kila aliyepita pale akaona dimbwi chini ya pampu alikwisha kutoa hukumu yake kabla hajainama kutazama, nasi tukiwa miongoni mwao.

Ndipo alipoitwa mzee mmoja, fundi wa Buyenzi, mtaa ambao kila mwenye gari bovu mjini humu anaufahamu. Mzee huyo hakuuliza pampu ilinunuliwa wapi wala kwa bei gani. Aliomba kwanza aletewe sili zote tatu zilizokwisha kufa. Kwa bahati njema mtunza ghala, kama ilivyo tabia ya watunza ghala wa jeshi duniani kote, hakuwa ametupa kitu. Mzee akazitandaza juu ya gunia, akavaa miwani yake, akazigeuza moja moja kwenye mwanga wa mlango kwa muda ambao kwetu sisi tuliosimama ulionekana mrefu kupita kiasi. Kisha akatueleza ya kwamba sili hizo hazikufa kwa ugonjwa mmoja. Kila moja ilikuwa na mwuaji wake, na hakuna hata mmoja kati ya wauaji hao aliyetoka dukani.

Makala haya yametokana na asubuhi ile. Huenda msomaji akajiuliza askari au polisi ana haja gani ya kujua habari za kipande cha kaboni kinachoweza kufichwa katika kiganja cha mkono. Jibu ni kwamba kipande hicho kiko katika kila pampu tuitegemeayo: pampu za maji ya kambi, pampu za mafuta ya malori, pampu za kutoa maji katika mahandaki na majengo yaliyofurika, na zaidi ya zote pampu za magari ya zimamoto, ambazo hapa kwetu ziko mikononi mwa polisi. Tena maji mengi yanayonywewa Bujumbura hutoka Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hayapandi mlima kwa hiari yake, lazima yasukumwe. Mahali pampu inaposimama, watu huchukua madumu yao wakateremka mtoni au ziwani kuchota wenyewe. Tarehe 1 Januari 2023 ilitangazwa rasmi ya kwamba kipindupindu kimezuka nchini, na mji huu wa Bujumbura ulikuwa miongoni mwa mahali palipoguswa mwanzo. Hatusemi kipindupindu kile kilitokana na sili. Tunasema tu ya kwamba anayeilinda pampu analinda kitu kikubwa kuliko chuma.

SILI NI KITU GANI

Pampu nyingi za viwandani, za mashirika ya maji na za zimamoto zina asili moja. Ndani ya ganda la chuma mna gurudumu lenye mapanga, liitwalo impela, ambalo huzungushwa na shafti itokayo katika mota au injini. Impela ikizunguka huyatupa maji pembeni kwa nguvu, nayo maji hayapati njia ila kupanda bombani. Shida iko pale shafti inapolipenya ganda. Shafti huzunguka mara 1,450 au mara 2,900 kwa dakika, ganda limesimama, na kati ya vitu hivyo viwili lazima uwepo uwazi. Palipo na uwazi, maji yenye mgandamizo yatapita.

Watu wa kale waliuziba uwazi huo kwa kamba iliyosokotwa na kupakwa shahamu, ikasokomezwa kuizunguka shafti na kukazwa kwa bolti. Meli za mvuke za zama zile, kama hii Liemba ya ziwani kwetu iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, zilikuwa zikiitegemea kamba ya namna hiyo. Kamba haina aibu, lakini ina sharti moja: ni lazima iachwe idondoshe matone, la sivyo itaungua na kuikwangua shafti. Tone moja kila sekunde ni lita nne na zaidi kwa siku nzima. Kwa maji safi hasara hiyo yavumilika. Kwa petroli au kwa tindikali haivumiliki hata kidogo.

Sili ilibuniwa ili kuiondoa hasara hiyo. Mafundi wetu waliosoma kwa Kifaransa huiita garnitiri. Wale waliofanya kazi Kigoma au Mombasa husema sili, nasi tutashika neno hili la pili. Ni pete mbili zinazotazamana. Moja imekaa imara katika ganda, ya pili huzunguka pamoja na shafti, na springi huisukuma hii ya pili iegemee ile ya kwanza daima. Moja aghalabu ni ya kaboni, nyingine ni ya seramiki au ya silikoni kabaidi ambayo ni ngumu zaidi. Nyuso zao zimesuguliwa kiwandani hata zikawa sawasawa kwa kipimo kisichofika sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa sehemu 70 hivi kama hiyo. Nyuma ya kila pete kuna pete ya mpira, kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwa mlango wa nyuma.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui, nasi pia hatukulijua mpaka asubuhi ile. Nyuso hizo mbili hazisuguani kavu. Kati yake umepita utando wa maji mwembamba mno, na utando huo ndio unaozilainisha na kuzipoza. Maji yale yale tunayotaka yasipite ndiyo yanayoiweka sili hai. Kwa hiyo asemaye ya kwamba sili njema haivuji kabisa hasemi kweli. Huvuja kidogo sana, na kile kidogo hugeuka mvuke kabla jicho halijakiona. Dereva wa lori anaweza kulithibitisha jambo hili kwa kutazama chini ya pampu ya maji ya injini yake, mahali palipotobolewa tundu dogo. Tundu hilo halikuwekwa kwa makosa. Liliwekwa ili sili ya ndani inapoanza kuchoka, maji yatoke nje yaonekane badala ya kuingia katika beringi.

Sili iliyotunzwa huishi muda gani? Katika mwaka 1994 Taasisi ya Petroli ya Marekani ilitoa kanuni kuhusu sili za pampu za viwanda vya mafuta, na shabaha iliyowekwa humo ni saa 25,000 za kazi mfululizo, yaani karibu miaka mitatu. Sisi tulimaliza tatu kwa miezi mitano, kwa maji safi ya bomba.

ILE ILIYOKUFA KWA KIU

Sili ya kwanza ilikuwa na mistari katika uso wa kaboni, imezunguka kama mistari ya sahani ya santuri, na pete ya seramiki ilikuwa na nyufa nyembamba zitokazo katikati kwenda ukingoni. Mpira wake ulikuwa mgumu kama ukucha. Mzee alisema hiyo ilizungushwa bila maji.

Tuliposikia hivyo tulibisha. Tangi la chini halikupata kukauka hata siku moja. Mzee hakubishana nasi. Aliomba bomba la kufyonza livutwe juu. Mwisho wa bomba hilo kuna valvu ndogo ambayo kazi yake ni kuyazuia maji yasirudi tangini pampu inapopumzika. Katika mdomo wa valvu ile mlikuwa mmenasa kijiti, si kirefu kuliko njiti ya kiberiti. Basi kila usiku maji ya bombani yalikuwa yakirudi chini polepole, na kila alfajiri askari wa zamu alibonyeza swichi, akaondoka kwenda kuwasha moto wa chai, na pampu ikazunguka ikiwa imejaa hewa. Sili iendayo kavu haihitaji saa nzima kuharibika. Dakika moja au mbili zaweza kutosha. Nyuso hupata moto wa ajabu, kisha maji baridi yakiingia ghafula, seramiki hupasuka kama gilasi iliyomiminiwa chai ya moto.

Katika habari hii ya kiu kuna jambo moja linalotuhusu sisi wakaao nchi za juu. Pampu haiyavuti maji kama tunavyodhani. Hutoa hewa katika bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pwani ya bahari uzito huo waweza kuyapandisha maji mita 10.3 kwa hesabu ya kitabuni. Ziwa letu liko mita 775 hivi juu ya bahari, na hapa Bujumbura hesabu hiyo hushuka hadi mita 9.4. Gitega, kwenye mita 1,500, ni mita 8.6 tu. Katika kazi halisi, kwa sababu ya msuguano wa mabomba na hewa ipenyayo kila mahali, toa tena mita mbili au tatu. Askari wetu waliokwenda Somalia kuanzia Desemba 2007 walitumia pampu pwani kabisa, na mtu aliyezoea kufyonza maji kisimani Mogadishu asishangae pampu ile ile ikimgomea juu ya mlima wa Burundi kwa kina kile kile. Itakapogoma haitanyamaza. Maji yaliyo katika mlango wa impela, yakikosa mgandamizo wa kutosha, huchemka hali yakiwa baridi; hutoa viputo, navyo viputo hupasukia juu ya chuma kwa mlio kama wa changarawe inayopita bombani. Mlio huo ukisikika, shafti inatetemeka, nyuso za sili zinagongana, na siku zake zinahesabika.

GRISI NA NYAYA TATU

Sili ya pili haikuwa na mikwaruzo. Uso wake uling'aa kama siku ulipotoka kiwandani, jambo ambalo lilituthibitishia, tulivyodhani, ya kwamba ilikuwa bandia. Mzee aliibonyeza pete yake ya mpira kwa kucha. Ilikuwa imevimba, laini, yateleza. Akauliza fundi aliyeiweka alitumia nini ili iingie kwa urahisi katika shafti. Alitumia grisi, grisi njema kabisa ya magurudumu ya lori, kutoka katika mkebe uliokuwa pale pale rafuni.

Mipira haifanani. Iko jamii ya mpira iwekwayo katika pampu za maji, ambayo huyastahimili maji ya moto kwa miaka lakini haivumilii mafuta ya ardhini. Ikipakwa grisi huyanywa mafuta yale na kuvimba. Iko jamii nyingine iliyo kinyume chake, inayofaa kwa mafuta ya mota na dizeli. Kwa macho zote ni pete nyeusi. Mpira wa sili yetu ulivimba ukaikaba shafti, springi ikashindwa kuisukuma pete mbele, uso ukabaki nyuma kwa kadiri ya unywele, na maji yakapita. Pete ya mpira wa maji hulainishwa kwa maji yenye sabuni kidogo, au kwa kile alichoagiza mtengenezaji. Mzee aliongeza ya kwamba hata kidole chenye jasho au vumbi hakitakiwi kugusa uso wa sili, na kwamba mwenye kuifungua katika karatasi yake kabla hajanawa mikono amekwisha kuifupisha.

Ya tatu ndiyo iliyotustaajabisha. Springi yake ilikuwa moja, nene, imejisokota kama konokono, na ilikuwa imelegea. Shafti nayo, tulipoifuta, ilikuwa na mkwaruzo wa kuzunguka mahali springi ilipoikumbatia. Springi za namna hii husokotwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto, kulingana na upande pampu inakozunguka. Shafti ikizunguka upande wake, springi hujikaza na kuishika pete. Ikizunguka kinyume, springi hujifungua, shafti huteleza ndani yake, na sili huwa kama mlinzi aliyelala.

Nani aliizungusha pampu kinyume? Tulikumbuka ya kwamba wiki chache kabla ya hapo umeme ulikatika, jenereta ikaletwa kutoka kambi nyingine, ikafungwa usiku kwa mwanga wa tochi. Mota ya viwandani hupokea nyaya tatu, na mbili kati yake zikibadilishana nafasi mota hugeuza mwendo. Haitoi moshi, haipigi kelele. Lililo baya zaidi, pampu ya namna hii ikizunguka kinyume bado hupandisha maji, ila kwa uhafifu. Maji yalifika juu, yakawa machache, nasi tukailaumu jenereta kuwa ni dhaifu. Ganda la pampu lina mshale uliochongwa kuonyesha upande wa kuzunguka. Ule wa pampu yetu ulikuwa umefunikwa kwa rangi ya kijani, iliyopakwa kwa uangalifu mkubwa kabla ya ukaguzi.

Tukiwa makadeti tulifundishwa ya kwamba bunduki ikikwama huibadilishi bunduki, wautafuta mkwamo. Wala polisi aliyejua kazi yake hafiki mahali penye maiti akaagiza aletwe mtu mwingine kushika nafasi ya marehemu, halafu akaenda zake. Lakini mbele ya pampu mafunzo yote hayo yalitutoka. Sili ni kitu dhaifu kupita vyote katika pampu, kwa hiyo uovu wowote utokeao mahali pengine huonekana hapo kwanza. Wenye haraka huiona hiyo ndiyo mhalifu, hali kwa kweli ndiyo iliyouawa, na mwilini mwake imebeba ushahidi wote. Aitupaye jalalani kabla ya kuitazama amemsaidia mwuaji.

WAUAJI WENGINE

Kuna wengine ambao hatukuwakuta katika kambi ile lakini wapo mjini humu. Mmoja ni mchanga. Mito ya Bujumbura, kama Ntahangwa, Muha na Kanyosha, huteremka kwa kasi kutoka milimani, na mvua ikinyesha hubeba udongo mwingi. Tunaukumbuka usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 60 katika mitaa ya kaskazini. Tena tuliona katika mwaka 2024 jinsi ziwa lenyewe lilivyopanda hata likakaribia mita 777 juu ya bahari, kiasi kinacholingana na kile cha mwaka 1964, likaingia katika nyumba na barabara za ufukweni. Nyakati kama hizo kila pampu huitwa kazini, hata ile iliyotengenezwa kwa maji safi. Punje ya mchanga ni nene mara nyingi kuliko utando ule wa maji. Inapojipenyeza kati ya nyuso hujibandika katika kaboni laini, na kaboni hiyo huwa msasa unaoila pete ya pili. Kwa maji ya matope hutakiwa sili ambayo nyuso zake zote mbili ni ngumu, silikoni kabaidi juu ya silikoni kabaidi au tangisteni kabaidi. Hizo nazo zina kasoro yake: haziwezi kuvumilia kukauka hata kidogo. Kwa hiyo hakuna sili ya kila kazi, na dukani yafaa mtu aseme maji yake ni ya namna gani kabla ya kutaja kipimo cha shafti.

Hata maji ya ziwa yaliyo maangavu yana tabia yake. Yana asili ya magadi, na yamejaa madini ya magnesi. Palipo na moto, kama kwenye ukingo wa nyuso za sili, madini hayo hubaki nyuma maji yanapogeuka mvuke, yakajenga ukoko mweupe unaoigandisha springi. Ndivyo ilivyo pia, kwa ukali zaidi, katika viwanda vya sukari: shira ikipita kidogo ikakauka nje ya sili, hugeuka punje ngumu, na asubuhi pampu inapowashwa punje hizo huzichana nyuso. Mafundi wa viwanda hivyo huziosha sili kwa maji safi kutoka nje kabla ya kuziwasha na baada ya kuzizima.

Mwingine ni upogo. Shafti ya mota na shafti ya pampu hukutana katika kapilingi, nazo yapasa zilingane kama risasi na mtutu. Zikipishana, shafti hupindapinda kidogo kila mzunguko, na springi ya sili hulazimika kwenda mbele na kurudi nyuma mara 2,900 kwa dakika. Mafundi wengi huzilinganisha kwa jicho au kwa rula. Hilo halitoshi, hutakiwa geji yenye mshale, isomayo sehemu za mia za milimita, na shafti yenyewe isiyumbe zaidi ya sehemu tano hivi. Tumewaona pia mafundi wakivuta bomba kwa mnyororo ili matundu ya bolti yakutane. Bomba likifungwa kwa kuvutwa hivyo, usiku na mchana litaivuta pampu, na ulinganifu wote uliopimwa asubuhi huwa umepotea jioni. Beringi iliyochakaa hufanya kazi hiyo hiyo ya uharibifu, na hapo kubadili sili bila kubadili beringi ni kununua wiki mbili.

PAMPU YA ZIMAMOTO

Tumeiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo inayotutia hofu. Jumapili tarehe 27 Januari 2013 Soko Kuu la Bujumbura liliteketea. Moto ulianza asubuhi, ukala kutwa nzima, na helikopta zililetwa kutoka Rwanda kusaidia. Maelfu ya watu walipoteza mali yao na riziki zao. Hatudai hata kidogo ya kwamba sili ya pampu yoyote ilishindwa siku ile. Lakini kila aliyeuona moshi ule ameelewa maana ya dakika kumi.

Pampu ya zimamoto ina maisha ya namna yake. Pampu ya mji hufanya kazi kila siku, nayo kazi huifaa; ya zimamoto husimama wiki kadhaa, kisha hutakiwa kufika kikomo cha nguvu zake mara moja. Katika kusimama huko nyuso mbili za sili, laini kama zilivyo, hugandana. Injini ikipigwa ghafula, moja huichana nyingine. Dawa yake haina gharama: pampu izungushwe mara kwa mara, polepole, ikiwa na maji ndani.

Ikiwa na maji, tunarudia, maana hapa ndipo desturi ya gwaride inapotudhuru. Kuna tabia, katika vituo vya nchi nyingi, ya kuiwasha pampu uwanjani mbele ya wageni ili ingurume, bila mpira kuunganishwa wala tangi kujazwa. Mngurumo ni mzuri na wageni hupiga makofi. Ndani ya ganda sili inaungua.

Kosa jingine hutokea motoni kwenyewe. Mshika mpira hufunga mdomo kwa sababu anahama mahali, naye aliye garini huiacha injini iende kwa nguvu ile ile. Maji hayatoki, lakini impela inaendelea kuyakoroga, na nguvu yote hiyo hugeuka joto. Tufanye hesabu. Ganda limebaki na lita 20 za maji, na impela inatia humo kilowati 10. Maji yaliyoingia yakiwa na nyuzi 25 yatafika kiwango cha kuchemka, ambacho kwa mwinuko wa Bujumbura ni kama nyuzi 97 na nusu, katika muda wa dakika kumi. Kwa nguvu kubwa zaidi, na zipo, ni pungufu ya hapo. Lakini sili haingoji maji yote yachemke. Utando ule mwembamba hugeuka mvuke mapema zaidi, nyuso zikabaki kavu huku ganda limejaa. Ndiyo maana mwendeshaji pampu mwenye kujua kazi huacha njia ndogo wazi, maji kidogo yarudi tangini wakati wote, na mara kwa mara huligusa ganda kwa kiganja. Ganda la pampu ifanyayo kazi sawasawa halina joto kuliko maji yaingiayo.

Tulimwuliza mzee wa Buyenzi, kabla hajaondoka, kama angependekeza tununue sili ya bei kubwa zaidi. Alicheka kidogo, akasema tununue ile ile. Valvu ya chini ilisafishwa na kuwekewa chujio. Rangi ya kijani ilikwanguliwa mpaka mshale ukaonekana, na nyaya tatu za jenereta zikafungwa vitambaa vya rangi tatu tofauti ili hata mwenye tochi asikosee. Shafti iliyokwaruzika ilivishwa bomba jipya la chuma. Mkebe wa grisi uliondolewa rafuni, na mahali pake pakawekwa chupa ya sabuni ya maji. Askari wa zamu sasa hawashi pampu mpaka afungue kizibo cha juu na kuyaona maji kwa macho yake, jambo ambalo lilimchelewesha chai kwa dakika tatu na lililalamikiwa kwa mwezi mzima.

Sili hiyo ya nne imekwisha kuvuka mwaka na nusu. Zile tatu mtunza ghala alizitundika kwa waya juu ya mlango wa nyumba ya pampu, kila moja na kibandiko chake cha tarehe, na chini ya kila tarehe ameandika kwa wino mwekundu: kiu, grisi, nyaya.